Kila Mtu na Rangi Yake

Mtu mzima mwenye mvi kidevuni, aliyeendesha lori mpaka Lubumbashi akarudi na viungo vyake vyote, hatakiwi kuipigia saluti bendera ya timu ya mpira. Tena siyo hata timu yake. Mimi niliipigia. Jana jioni nilikuwa machimbo ya Mtakuja, nimepeleka fenibelti ya mashine ya winchi, mara nikasikia filimbi. Sisi tuliokulia jirani na ofisi za serikali, filimbi ya saa kumi na mbili tunaijua: bendera inashushwa. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye ndoo anaitua, hata mlevi anajikaza kidogo. Nikaangusha fenibelti, nikabana visigino, kifua mbele, mkono kwenye paji la uso, macho kwenye mlingoti wa ofisi ya kitongoji, ambako kitambaa cha kijani na njano kilikuwa kinapepea vizuri tu. Nikashangaa kuona wenzangu wanakimbia. Wanaume wazima wanajirusha nyuma ya vifusi! Nikalisikitikia taifa. Kisha ardhi ikatikisika, changarawe zikaninyeshea utosini, na vumbi lilipotua nikawa bado nimesimama wima, mweupe kama niliyezamishwa kwenye gunia la unga wa muhogo. Filimbi ilikuwa ya kulipua baruti. Kitambaa kilikuwa cha Yanga. Na mimi ni Simba tangu tumboni mwa mama yangu.

Runzewe ni mji mpana kwa biashara lakini kwa habari ni chumba kimoja. Leo asubuhi nilipokaribia kijiwe chetu nilijua habari zimeshaniwahi. Kijiwe chenyewe ni benchi moja: timba, yaani gogo la kushikilia kuta za shimo, lililokataliwa machimboni kwa kupinda, tumelilaza juu ya matofali mbele ya fremu ya Agnetha, fundi cherehani, mama yake Wema. Hakuna aliyenipa salamu. Wanaume watatu walikuwa wamesimama mbele ya benchi, mikono imenyooka, macho juu, wanaipigia saluti suruali ya mteja iliyoning'inia mlangoni kwa Agnetha.

— Mguu pande, nikawaambia. Nimeshaelewa.

— Afande Tranziti! akaguta Fredy. Taifa linakushukuru!

Tranziti ndilo jina langu hapo, kwa sababu ya yale malori. Ignas nililobatizwa nalo analitumia mke wangu tu, na siku akilitumia huwa kuna jambo. Fredy yeye tunamwita Duara, maana duara ni shimo la dhahabu na yeye ni msimamizi wa zamu huko Mtakuja. Akianza kuzungumza, unateremka naye hujui utatokea wapi. Aliye kulia kwake ni Donatus, mtu wa Chato, muuza samaki. Huyo ni Sangara. Ndiye mwenye nyumba, fremu ya Agnetha ni yake. Wa tatu ni Edson aliyekuja kutoka Shinyanga enzi akinunua pamba. Pamba ikamchosha, akahamia vitambaa, lakini jina la Marobota halikuhama.

— Sasa niulize, akasema Sangara akikaa. Ulipoona watu wanakimbia, ukafikiri nini?

— Nilifikiri hawana uzalendo.

— Wahenga walisema, Marobota akadakia, samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Angekunjwa mapema asingesimama wima namna ile.

Mageni, muuza kahawa wetu, akatua birika lake lenye jiko la makaa chini, akatugawia vikombe bila kutuuliza.

— Wabeja, ngosha, nikamshukuru kwa Kisukuma.

— Kunywa, baba. Utoe vumbi kooni.

Kumbe hata yeye alishasikia.

Ndani cherehani ikanyamaza. Agnetha akatoka na sentimita shingoni, chaki ya ushonaji mkononi, uso hauna kicheko hata cha kuazima.

— Mnacheka, akasema. Saluti ya kaka Tranziti imenizalia kazi. Katibu alikuja hapa jana taa zinawashwa, amefura.

Katibu ni Bhoke, wa kikundi cha wachimbaji wa Mtakuja. Kumbe bendera ya taifa ya pale ofisini ilishaliwa na upepo, ukabaki upindo tu kwenye kamba, na vijana wa zamu ya Duara walipoona mlingoti uko mtupu, na timu yao imeshinda, wakapandisha furaha yao. Bhoke alikuwa anapita hapo kila siku bila kutazama juu. Mpaka aliposikia kuna mzee ameipigia saluti ndipo akatazama. Na kesho kuna wageni kutoka mkoani.

— Kwa hiyo anataka bendera halali, leo saa nane, akasema Agnetha. Ikimpendeza, ovaroli za zamu zote nashona mimi. Zamu zote, jamani. Isipompendeza, kazi inapanda basi kwenda Kahama kwa mafundi wenye mashine za umeme. Na njano ni hii hii.

Akainua kipande cha kitambaa cha njano, hakizidi shuka la kitanda cha mtoto.

— Nyingine iko wapi? nikauliza.

— Waulize Yanga, akasema Marobota. Wamemaliza robota zima. Runzewe yote njano imebaki hiyo. Mpaka niende Mwanza.

— Kwa hiyo nikikosea mkato mmoja, nimekwisha, akasema Agnetha. Nimeshona sare za shule, majoho ya kwaya, mapazia ya gesti. Bendera sijawahi. Nyie wote mmeimba chini yake miaka saba ya shule ya msingi. Huu mkanda wa katikati unaanzia wapi, unaishia wapi?

Mikono mitatu ikainuka papo hapo kwa uhakika mkubwa. Wa Duara ukatoka chini kushoto kwenda juu kulia. Wa Sangara ukatoka juu kushoto kushuka chini kulia. Wa Marobota ukaenda mlalo, ukasita, ukajikunia sikio.

— Miaka saba, akasema Agnetha.

— Mama Wema, inategemea umesimama upande gani, Sangara akajitetea. Shuleni kwetu Chato darasa la kwanza walisimama nyuma ya mlingoti. Ukiitazama kwa nyuma imegeuka.

Hilo lilikuwa na akili. Sikumbuki mara ya mwisho Sangara kusema jambo lenye akili, nadhani ni ilipopanda bei ya dagaa.

— Lakini mbele au nyuma, nikasema, mlingoti uko palepale. Mkanda unaanzia chini, kwenye mlingoti, unapanda kwenda ncha ya mbali.

— Umejuaje?

— Jana niliitazama muda mrefu.

— Uliitazama Yanga!

Sangara akatoa simu kumaliza ubishi. Kioo chake kina ufa tangu alipoiangusha mwaloni, ufukweni wanaposhusha samaki, na ufa wenyewe umekatiza kona kwa kona. Akatafuta, akapata, akatuonyesha. Tukabananisha vichwa. Bendera ilikuwepo: kijani juu upande wa mlingoti, buluu chini upande wa pili, katikati mkanda mweusi unapanda, na kingo zake mbili za njano. Na ufa ukipanda nao sambamba.

— Haya, kwisha kazi, akasema Agnetha, akachukua karatasi ya kaki ya mfuko wa saruji ambayo huchorea ruwaza, akaanza kupiga mistari kwa rula.

Ingekwisha kweli pale. Kahawa tungekunywa, tungehamia habari ya mvua. Lakini Duara akaikodolea macho ile simu kama anayekagua jiwe.

— Njano mbona nyembamba hivi?

— Ndivyo ilivyo, bosi.

— Hii ya simu wamechora watu wa simu. Wanajua nini kuhusu dhahabu? Njano ni madini, sawa? Sasa hebu toa madini hapa Runzewe, kinabaki nini? Pori na fisi. Huyu Mageni angemuuzia kahawa nani?

— Fisi, akasema Mageni.

— Mwasikia! Na nawaambieni siri ya ule mkanda, sisi wa chini ndio tunaijua. Ule weusi ni mwamba. Mshipa wa dhahabu haulali kama godoro, unapita umeinama, umebanwa ukingoni mwa jiwe jeusi, huku na huku. Aliyechora bendera alishashuka shimoni! Ndiyo maana ikainama. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Nikiri hapo alinipata. Methali aliipachika pasipostahili, lakini picha ilikaa. Nimeona bendera ya nchi hii kwenye mipaka mingi, Rusumo, Kabanga, Tunduma, na sikuwahi kuiona kama jiwe lililopasuliwa.

— Basi kama ni mshipa, nikamwambia, ni sawa kuwa mwembamba. Mishipa yenu yote myembamba, mnalia kila siku.

— Kwenye bendera mtu anaweka matumaini, Tranziti, haweki mapato! Mama Wema, ongeza njano. Kidogo tu. Kitambaa unacho.

Agnetha akamtazama. Mtaniuliza kwa nini asimwambie akalale. Fikirieni. Ovaroli ni za zamu, na zamu ina msimamizi. Akafuta mstari kwa kidole, akausogeza ndani kidogo, kwenye nyeusi.

— Sawa, bosi.

— Ee, kama ni hivyo, akasema Sangara. Buluu je?

— Buluu imefanya nini?

— Buluu ni ziwa. Mimi nimezaliwa naitazama. Hapo kwenye simu wameikunja kona ya chini, mbali na mlingoti, kama mgeni asiyejulikana. Mtu anaweza kuishi bila dhahabu. Bila maji?

— Dhahabu yenyewe haioshwi bila maji, akachombeza Marobota, ambaye hupenda kumsaidia yeyote anayempinga Duara.

— Umeona! Na ile kuinama siyo mwamba, wala. Ni kamba. Kamba ya nyavu, iko mtumbwini, wanaume wanaivuta kutoka majini kwenda nchi kavu. Huku buluu, huku kijani, kamba katikati. Mtu haoni?

— Na njano?

— Jua. Samaki anavutwa asubuhi.

Mimi hapo nikaona wakati wangu umefika. Kijiweni mtu aliyesafiri ana wajibu.

— Sangara, pole, nikamwambia, hiyo buluu haikutoka Chato. Ilikuja na Zanzibar.

— Nini?

— Tanganyika ilipopata uhuru, bendera yake ilikuwa ya kijani, na mkanda mweusi katikati, kingo za njano. Mkanda umelala, haukuinama. Hiyo ndiyo waliipandisha mpaka kileleni Kilimanjaro. Buluu haikuwepo. Zanzibar nao baada ya mapinduzi wakawa na yao: buluu, nyeusi, kijani. Walipoungana mwaka sitini na nne ndipo rangi zikachanganywa. Buluu ikapata nafasi.

Sangara akaweka kikombe chini.

— Yaani miaka mitatu tulikuwa na ziwa lote lile, halipo kwenye bendera?

— Halikuwepo.

— Babu yangu alikuwa anavua! Kila siku! Walifikiri anavua wapi?

Kila mtu akatafakari habari ya babu yake Sangara na miaka mitatu aliyovua kwenye maji yasiyo na rangi. Mageni mwenyewe alisahau kumimina. Kisha Marobota, mtu ambaye ukimpa uzi atakurudishia swali, akauliza:

— Sasa kama ule mkanda zamani ulilala, kwa nini waliuinamisha?

Hilo nalo sikulijua. Nikasema nionavyo mimi: ukiulaza, lazima rangi moja ikae juu na nyingine chini, na watu wawili wakiungana hakuna anayetaka kulala chini. Ukiuinamisha, kila mmoja anapata kona yake.

— Kama kitanda cha gesti, akasema Duara.

— Kama ndoa, akasema Agnetha, bila kuinua kichwa.

— Na siyo sisi peke yetu, nikaendelea, utamu umeshanikolea. Kongo nao mkanda wao umeinama, mwekundu, kingo za njano. Msumbiji wameweka bunduki. Uganda wana korongo amesimama kwa mguu mmoja. Rwanda walibadilisha kabisa, wakaweka jua. Zambia—

— Korongo wa Uganda siku ya baruti angekimbia, akasema Duara. Wewe ulikuwa na miguu miwili.

Walicheka mpaka benchi likayumba. Nikawaacha. Mcheka kilema hafi bila kumfika, ingawa sijui kama hiyo nayo nimeipachika panapostahili.

— Kwa hiyo, akarudi Sangara, akijifuta machozi, kama walitusahau miaka mitatu, sasa tufidiwe. Mama Wema, wewe ni mpangaji wangu mzuri, sijawahi kukusumbua. Hiyo buluu ipande kidogo. Ile kona iwe kona ya mtu mzima.

Agnetha akashusha pumzi, akafuta, akachora. Buluu ikapanda. Ikala nyeusi kwa chini.

— Sawa, baba mwenye nyumba.

Marobota alikuwa amekaa kimya, na Marobota akikaa kimya ujue anapima mita.

— Mimi siombi, akasema. Mimi nauliza tu. Kijani ni nini?

— Mashamba.

— Shamba la nini?

— Lolote, ngosha.

— Shinyanga kijani ni pamba.

— Pamba ni nyeupe! wakaguta Duara na Sangara.

— Ikiwa dukani! Shambani ni kijani miezi minne, nyeupe ni wiki chache tu za mwisho, tena hapo mnunuzi anakuja anasema daraja la pili. Kijani ndiyo iliyolisha watu kabla ya mashimo yenu. Reli ya Shinyanga ilibeba nini? Dhahabu? Sangara? Ilibeba marobota. Dhahabu unachimba siku moja, unakula siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hapo umelenga, nikasema.

— Kwa bahati mbaya, akasema Sangara.

— Mama Wema, vitambaa nani anakuletea mlangoni, jua mvua? Kijani kishuke kidogo. Sitaki fujo. Nusu ya kidole.

Chaki ikalia kwenye kaki. Kijani kikashuka. Nusu ya kidole cha Marobota, ambacho ni kinene.

— Sawa, kaka Edson.

Ukinisikia nasimulia hivi utadhani mimi nilikaa pembeni kama mwamuzi. Sikukaa. Fremu si yangu, ovaroli hazinihusu, vitambaa siuzi. Mimi nilichokuwa nacho juu ya yule mama ni mdomo tu, nao nikautumia.

— Jamani, nikasema, wote mmepotea. Siyo mwamba wala kamba. Utazameni tena: mweusi, unapanda, kila ukingo una mstari wa njano. Kushoto majani, kulia maji. Nini hicho?

— Nini?

— Lami!

Nikawaona wanainamia simu upya.

— Haki ya Mungu, akasema Duara polepole. Ina mpaka mistari.

— Ni barabara. Inatoka chini kwenye mlingoti, ambapo ni Dar es Salaam, inapanda Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Runzewe hapa, inaendelea mpaka ncha kule Rusumo. Nimeipita miaka ishirini, mnataka kunifundisha mimi? Mnajua kwa nini imeinama? Kwa sababu nchi hii ukitoka pwani kuja huku unapanda. Lori linajua. Gia inajua.

— Mwaka sitini na nne lami ilikuwepo? akauliza Marobota.

— Ilikuwa mipango.

Hapo nilishinda, nikajua nimeshinda, na mtu akishinda kijiweni hasimami.

— Tena Mama Wema, kama unataka iwe ya kweli, lami zetu siyo pana hivyo. Malori mawili yakipishana, moja linashuka porini. Ipunguze.

Agnetha aliniangalia kwa muda. Nafikiri alikuwa anatafuta kama mimi nina kitu chochote cha kumnyima. Hakukiona. Lakini alishawasikiliza watatu, na kumkatalia wa nne pekee kungekuwa ugomvi. Akafuta. Akachora.

— Sawa, kaka Tranziti.

Kisha akachukua pini, akabana ile kaki juu ya kitambaa cheusi, akaweka mkasi tayari kando. Tulisimama wote kuizunguka meza yake ya kukatia, tunaridhika kama wakwe waliokubaliwa. Njano ilikuwa nene, mbili, kama ndizi. Buluu ilikuwa ziwa kweli. Kijani kilikuwa mavuno ya mwaka mwema. Kila mtu alikuwa anaitazama rangi yake.

— Hii sasa, akasema Duara, ndiyo bendera.

— Shikamooni, ikasema sauti nyuma yetu.

— Marahaba! tukajibu pamoja, vifua mbele.

Alikuwa Bhoke. Msichana mdogo kwa umri, binti wa Tarime, lakini ukiwa katibu wa wanaume mia wanaobeba nyundo unajifunza kuongea kwa ufupi. Bodaboda iliyomleta ilikuwa bado inanguruma. Duara akampigia saluti, naye akaipita, akasogea mezani, akainama juu ya kaki. Akatazama muda mrefu. Sisi tukasubiri sifa.

— Hiki kiuzi hapa katikati ni nini?

— Kiuzi kipi, katibu? akauliza Duara.

Akaweka kidole. Kidole chake, na ni mwembamba huyu binti, kikaufunika mkanda mweusi wote.

— Hicho ni mwamba, akasema Duara.

— Kamba, akasema Sangara.

— Lami, nikasema mimi, nikajisikia naisema kwa sauti ndogo.

— Nauliza nyeusi ni nini. Shuleni mlifundishwa nini?

Marobota akakohoa.

— Watu, akasema.

— Watu gani?

Nimekwambia nimetembea. Nimeulizwa maswali na askari wa nchi sita, mengine saa nane za usiku, mengine kwa lugha nisizozijua, na sikuwahi kukosa jibu, hata la uongo. Hilo la Bhoke nilikosa. Duara alitazama buti zake. Sangara akaitazama simu, ikawa imezima, ikabaki ufa. Tangu asubuhi tulikuwa tumekaa pale, wanne, tunagawana maji na mashamba na dhahabu, kila mtu anavuta kwake kidole kimoja kimoja, na vidole vyote tulivikata mahali pamoja. Hakuna aliyewahi kusema: hiyo nyeusi nayo ina mwenyewe, msiiguse.

— Mageni, akasema Duara kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango, mimina.

Mageni akainamisha birika. Likatoa machicha.

— Imekwisha, baba.

Bhoke alishamgeukia Agnetha. Akamshika bega, na hapo sauti yake ikawa nyingine kabisa, ya mwanamke kwa mwanamke.

— Mama Wema, umeshakata?

— Bado.

— Saa nane nakuja. Ovaroli nataka zianze Jumatatu. Nataka ziwe zako. Usiniangushe.

— Sikuangushi.

Akapanda bodaboda, akaondoka, vumbi likabaki kwenye vikombe.

Agnetha akarudi mezani. Akachomoa pini moja moja, akazitia mdomoni. Akaikunja ile kaki yetu, mwamba na kamba na lami vyote, akaitupa chini ya cherehani kwenye vipande vya nguo. Akatandaza kaki mpya.

— Nyeusi itoe kwenye kijani, akasema Duara. Njano kitambaa ni kidogo, usiihangaishe.

— Kijani hakitoi! Wewe ndiye uliyeanza kula nyeusi!

— Buluu tayari ilisahaulika miaka mitatu, jamani, kuweni na utu.

— Nyamazeni, nikawaambia, nikajisogeza mezani kwa heshima zote za mtu mzima aliyesababisha kazi yenyewe kwa saluti yake. Mama Wema, achana na hawa. Niambie mimi. Sasa utaikata vipi?

Agnetha akatoa pini mdomoni.

— Mkishaondoka.